Vihesabio Tisa vya Gotthold

Waliomfahamu Hiltrud Meixner wa mtaa wa Johannis, hapa Nuremberg, watakwambia alikuwa mwanamke wa kawaida kabisa. Mimi niliyenunua mikate duka moja naye kwa miaka kumi na minne nawaunga mkono. Hakuwa mtu wa mizimu. Kanisani alikwenda Krismasi tu, tena kwa ajili ya kwaya. Alichokiamini ni mizani yake ndogo, iliyopima hadi sehemu ya mia ya gramu, na macho yake mawili.

Kazi yake ilikuwa kutambua vihesabio. Ni visahani vidogo vya shaba ya manjano, vyembamba, ambavyo wafanyabiashara wa zamani walivisogeza juu ya mistari iliyochorwa mezani ili kujumlisha na kutoa, kabla watu hawajazoea kukokotoa kwa kalamu. Mji wetu ndio uliovifyatua kwa mamilioni na kuvimwaga Ulaya nzima. Si pesa, wala havikuwahi kununua hata yai. Wakulima huvifukua mpaka leo wakidhani wameokota dhahabu, wanakuja mbio kwa Hiltrud, naye anawavunja moyo kwa upole na kuwapa biskuti.

Kazi hiyo ina mila zake. Kila kihesabio kikishatambuliwa huandikiwa kikaratasi: kimetoka wapi, kina uzito gani, kina sura gani. Chini kabisa aliyekitambua hutia herufi za majina yake, maana hapo ndipo anapoweka heshima yake rehani. Kikaratasi hulazwa ndani ya kichumba cha trei, kihesabio kikawekwa juu yake. Akija mwingine akiona mwenzake alikosea, anaandika chake na kukilaza juu ya kile cha zamani. Cha zamani hakitupwi. Kutupa kikaratasi cha mtu ni kama kung'oa msalaba kaburini kwake, na Hiltrud alishawahi kumfukuza mteja nyumbani kwa kosa hilo tu.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi yenye jua dogo la baridi, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Gotthold Zagel.

Gotthold alikuwa mfamasia mstaafu, na alikuwa rafiki yake kwa miaka thelathini na mmoja. Si urafiki wa salamu. Mwaka ambao mama yake Hiltrud alikufa, Gotthold ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Na mwaka huo wa mwisho Gotthold alipougua, zamu ilikuwa ya Hiltrud. Ulimshika ugonjwa wa ngozi kwenye paji la uso, yeye alisema ni mkanda wa jeshi, akawa anashinda na kofia ya sufu iliyofunika mpaka nyusi. Jicho la kushoto likawa linafumba kidogo kidogo. Baridi nzima Hiltrud alimpelekea supu ya matonge ya maini, akamsomea magazeti, akamfulia na foronya. Mtu huyo angemwomba figo, angepewa.

"Hilde, kahawa iko tayari au unaniangalia tu nife mlangoni?"

"Ungekufa ungenipunguzia kazi. Ingia, vua viatu, nimepiga deki."

Aliingia na kofia yake, kwapani ana trei ya mbao iliyofungwa kwa taulo. Ndani yake vilikuwamo vihesabio tisa.

"Nitambulie hivi, tafadhali. Mimi jicho langu ndiyo kama unavyoliona."

Hiltrud aliinua kimoja, akachungulia chini yake. Kichumba kilikuwa kitupu. Akainua cha pili.

"Vikaratasi vyake viko wapi?"

"Havina. Ni vya marehemu Alwin. Unamjua kaka yangu alivyokuwa, mtu wa hovyo hovyo."

Hapo ndipo angepaswa kusimama. Vihesabio tisa vya sura moja, vimepangwa kwenye trei safi, kisha havina hata kikaratasi kimoja? Angekuwa mtu wa barabarani angerudishiwa trei yake na mlango ukafungwa. Lakini alikuwa Gotthold. Hiltrud alicheka, akamwagia maziwa kwenye kahawa, akavuta kiti.

"Uandike kwa mkono wako," Gotthold alisema, "na utie herufi zako. Nataka wajukuu wajue vimepita kwako."

Ilimgusa moyo, kusema kweli.

Kazi yenyewe ilimfurahisha. Upande mmoja wa vihesabio ulikuwa na tufe lenye msalaba, jambo la kawaida. Upande wa pili ulikuwa na kichwa cha mtu kwa ubavu, kimesagika sana, huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke, na hakikuwa na herufi wala mwaka. Vyote tisa vilipigwa kwa chapa moja ya chuma, na chapa hiyo ilikuwa ikipasuka. Chapa ikipata ufa, shaba huingia kwenye ule ufa wakati wa kugongwa, na kila kihesabio kinachotoka hubeba mstari ulioinuka. Ufa haurudi nyuma. Unakua kila nyundo inaposhuka, kwa hiyo ukivipanga kwa urefu wa ule mstari, unajua kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Hiltrud alivipanga. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa na uzi mfupi pembeni. Uzi ukarefuka, ukaingia kwenye nywele, na kwenye cha tisa ukafika pale nywele zinapoishia na paji la uso linapoanza. Alivipima, akaandika vikaratasi tisa, akatia H.M. mara tisa.

Gotthold alimwangalia mpaka herufi ya mwisho. Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Asante, Hilde," alisema. "Hujui umenifanyia nini."

Aliondoka bila kumaliza kahawa. Na trei aliiacha.

Jumatano asubuhi Hiltrud alikwenda kuifunga trei ile ampelekee mwenyewe. Vihesabio vilikuwa kumi.

Alihesabu tena kwa kidole. Kumi. Cha kumi kilikuwa kipya, kinang'aa kama shaba iliyotoka kusuguliwa kwa limau. Alikishika, akakiachia. Kilikuwa cha moto. Si moto wa kuunguza. Moto wa kitu kilichotoka kugongwa sasa hivi.

Alisogea dirishani na lenzi yake. Chapa ni ile ile, ufa ni ule ule, ila sasa ulikuwa umevuka nywele na kuingia kwenye paji la uso. Na kichwa hakikuwa kimesagika tena. Kilikuwa cha mwanamke mwenye pua ndefu, kidevu kifupi, nywele zimebanwa kisogoni kwa kitana.

Hiltrud alipapasa kitana chake kisogoni. Paji la uso lilikuwa linamwasha tangu alipoamka.

Alijiambia ni Gotthold, amepata fundi wa vitu bandia, anamfanyia mzaha wa kizee. Alijiambia hivyo mchana kutwa. Alhamisi asubuhi vilikuwa kumi na kimoja, na kwenye kioo cha bafuni aliona mstari. Ulianzia kwenye nywele, ukashuka kiasi cha punje ya ngano. Haukuwa jeraha, wala haukuwa mkunjo wa uzee. Ulikuwa umeinuka, kama uzi uliopita chini ya ngozi. Aliubonyeza. Ulikuwa mgumu.

Alivaa koti juu ya gauni la kulalia, akapanda tramu kwenda kwa Gotthold.

Mlango ulifunguliwa haraka. Gotthold alikuwa na shati lililo wazi shingoni, mikono ina unga, nyumba inanukia tufaha zilizookwa. Hakuwa na kofia. Paji la uso wake lilikuwa laini, halina kovu, halina doa, paji la mtoto wa ubatizo. Na macho yote mawili yalikuwa wazi.

Hiltrud alimtazama mpaka Gotthold akainamisha kichwa.

"Umepona," alisema.

"Ingia, Hilde. Kuna baridi nje."

"Umepona tangu Jumanne."

"Nilipofika chini ya ngazi zako nilihisi uzi unalainika," Gotthold alisema polepole. "Nilikaa kwenye kituo cha tramu nikalia. Sikudanganyi. Nililia."

Walikaa jikoni. Kwenye jokofu kulikuwa na michoro ya wajukuu wanne, farasi mmoja wa zambarau na nyumba tatu zenye moshi. Gotthold alisimulia akiwa ameukazia macho unga wa mikononi mwake. Alwin, kaka yake, ndiye aliyemletea trei ile, naye alimwomba hivyo hivyo: nitambulie, tia herufi zako. Gotthold ndiye aliyeviondoa vikaratasi vya waliotangulia, maana mtu akiona majina mengi vile juu ya vihesabio tisa angeuliza walikokwenda. Gotthold alijaribu kila kitu. Aliviyeyusha, vikarudi. Aliviuza mnadani, vikarudi. Alimlipa mtaalamu wa Leipzig asiyemjua avitambue, akatia herufi zake, lakini asubuhi uzi ulikuwa umeongezeka.

"Kwa mgeni havivuki," alisema. "Alwin aliniambia hayo alipokuwa anakata roho. Vinavuka kwenye urafiki tu. Pasipo urafiki hakuna daraja. Lazima akuamini, achukue kalamu mwenyewe, bila kujua. Hata kikaratasi kimoja kinatosha."

"Vilikuwa vimefika vingapi?"

"Kumi na saba. Vile vinane vyenye sura yangu nilivificha nyumbani, na niliporudi havikuwepo. Kwangu kilikuja kimoja kwa mwezi, lakini kila vinapovuka mwendo huongezeka. Ufa uligusa kope. Ukipita jicho moja huenda la pili, na baada ya hapo..." Alifuta mikono. "Alwin alisema chapa huvunjika."

"Wewe ulijua, Gotthold. Ulikaa pale na kahawa yangu ukijua."

"Nilijua."

"Mbona mimi?"

Na hapa ndipo yule mzee alipomwua, ukiniuliza mimi, kabla ya uzi wowote. Maana hakumjibu kwa ukali. Alimjibu kwa huruma, huku amemshika mkono.

"Mimi nina wajukuu, Hilde. Wewe huna mtu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiltrud aliutoa mkono wake taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kumjibu, supu na foronya na jeneza la mama yake. Aliondoka. Mpaka alipofika nyumbani alikuwa bado na unga kwenye vidole.

Ijumaa alikwenda mtoni, akasimama darajani mchana kweupe, watu wanapita na vikapu vyao, akavimwaga vyote kwenye Pegnitz. Aliviona vikizama. Jumamosi asubuhi vilikuwa mezani, vikavu, kumi na vitatu, kila kimoja kwenye kichumba chake. Uzi ulikuwa umefika katikati ya paji.

Alikumbuka ni Jumamosi.

Kila Jumamosi saa nne alikuja Nazmi Erbay. Huyu alikuwa dereva wa treni za chini ya ardhi kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu alijiunga na darasa la jioni la Hiltrud kwa sababu, alisema, alichoka kutazama giza mbele. Miaka kumi na mmoja sasa alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa mtu wa sabini na sita na bado alimwita Mwalimu, hakai mpaka aambiwe kaa. Gotthold alisema Hiltrud hana mtu. Gotthold hakumhesabu Nazmi, maana Gotthold hakuwahi kumhesabu.

Hiltrud alipiga simu. Mkewe Nazmi, Gülten, ndiye aliyepokea.

"Ameshatoka, Mwalimu. Unamjua, anataka afike kabla ya saa ili asichelewe."

Alichukua trei, akaifungia kwenye kabati la chumbani, ufunguo akautia mfukoni. Akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Atamwambia anaumwa. Atampa kahawa moja, ataagana naye.

Kengele ililia saa nne kamili.

"Gülten amekuletea keki ya mbegu za mipopi," Nazmi alisema. "Amesema ukirudisha sahani tupu kama ile ya mwisho hatakuletea tena."

"Mwambie mumewe ndiye aliyekula nusu."

"Hilo nikimwambia nitalala stesheni."

Hiltrud alicheka, na kicheko kilimuuma kifuani. Aliingia jikoni. Maji yalichukua muda kuchemka. Alisimama pale ameushika ufunguo mfukoni, na aliona umekuwa wa moto.

Alitoka mbio.

Trei ilikuwa mezani, mahali pake pa siku zote, chini ya taa. Nazmi ameinama juu yake na lenzi jichoni, mizani iko mbele yake, kalamu ya risasi mkononi.

"Mwalimu, hivi vinne havina vikaratasi," alisema bila kuinua kichwa, kwa furaha ya mtu aliyeona kazi. "Nimeona umefanya tisa ukachoka. Nikasema nikusaidie."

Hiltrud aliipiga ile kalamu ikaruka mpaka dirishani.

Kikaratasi kilichokuwa mbele yake kilikuwa na neno moja tu, Nuremberg, na chini hakikuwa na herufi. Hiltrud alikinyakua akakichana. Hajatia herufi. Bado. Mungu wangu, bado. Lakini alikuwa amekaa pale na yale macho yake ya kuamini, na kesho angerudi, na Jumamosi ijayo angerudi, na trei ingemngoja mezani hata ikifungiwa wapi. Daraja lilikuwa moja tu, na lilikuwa machoni mwa mtu yule.

Basi akaamua kulivunja.

"Nani amekwambia uguse vitu vyangu?"

"Mwalimu, nilidhani..."

"Unadhani. Miaka kumi na mmoja unadhani. Hujui kutambua kitu, Nazmi. Hujawahi kujua. Kila ulichoandika nimekirudia ukishaondoka."

Nazmi alivua miwani.

"Mimi na Gotthold tulikuwa tunavisoma vikaratasi vyako mezani tukicheka," Hiltrud alisema. Sauti ilikuwa yake lakini hakuijua. "Ulikuwa dereva wa treni. Ungebaki kwenye reli."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

Nazmi alikunja miwani, akaitia mfukoni. Alichukua kikombe chake, ambacho hata hakijatiwa kahawa, akakipeleka jikoni, akakisuuza, akakipindua kwenye taulo. Alivaa koti akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Keki aliiacha.

Hiltrud alikaa sakafuni akalia. Lakini ndani ya kilio kulikuwa na kitu kilichosimama wima. Alwin alimpa ndugu yake. Gotthold alimpa rafiki yake. Yeye hakumpa mtu. Jambo hilo litakwisha kwake, jicho moja, jicho la pili, na chapa ivunjike. Jumamosi ile nzima hakuigusa trei, wala hakuitazama.

Jumapili hakuinuka kitandani. Alilala amefumba macho, akiyazoesha.

Jumatatu aliamka na jua usoni. Paji halikuwasha. Alijipapasa. Akaenda kwenye kioo, akawasha taa, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu.

Laini. Hakuna uzi. Hata ule mkunjo wa zamani katikati ya nyusi ulikuwa umekwenda.

Alicheka kwa sauti. Alicheka peke yake bafuni na miguu mitupu, akashika sinki, akamshukuru Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye miaka mingi. Kisha kicheko kikaisha. Alikumbuka ni paji la nani aliloliona hivyo siku nne nyuma.

Alikwenda mezani.

Vihesabio havikuwepo. Vichumba tisa vilikuwa na vikaratasi vyake tisa, H.M., vimelala kama alivyoviacha. Cha kumi na moja kitupu. Cha kumi na mbili kitupu. Cha kumi na tatu kitupu.

Kwenye kichumba cha kumi kulikuwa na kikaratasi.

Kilikuwa kimekaa pale tangu Jumamosi, chini ya kihesabio, mahali ambapo yeye mwenyewe alimfundisha Nazmi kukiweka. Alimkuta akianza cha pili. Cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Mwandiko ulisimama wima, kila herufi na nafasi yake, kama ratiba ya treni.

Nuremberg. Shaba ya manjano. Gramu 1.63. Kichwa cha mwanamke, kazi nzuri sana, kinafanana na Mwalimu wangu. N.E.

Alipiga simu. Iliita. Akapiga tena, ikakatwa.

Akina Erbay walikaa mtaa wa Langwasser, ghorofa ya tano. Hiltrud alikwenda kwa treni ile ile ambayo Nazmi aliiendesha maisha yake yote. Gülten alifungua mlango kwa upana wa mnyororo. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Umefuata nini tena?"

"Gülten, mwite. Nakuomba. Dakika moja."

"Hataki. Tangu Jumamosi hali. Amechoma daftari zake zote bafuni, nyumba nzima inanuka." Gülten alishusha sauti. "Mume wangu hakulia hata kwenye mazishi ya baba yake. Ulimwambia nini?"

"Ana hali gani? Usoni, ana hali gani?"

Yule mama alimtazama kwa mshangao.

"Amejikwaruza tu. Hapa juu, kwenye nywele. Hataki nimpake dawa."

Hiltrud aliubandika mdomo wake kwenye ule upenyo. Alisema yote, haraka, bila mpangilio. Kwamba alimtukana ili amwokoe. Kwamba alidanganya, hakuwahi kumcheka, hakuwahi kurudia hata kikaratasi chake kimoja. Kwamba kuna vihesabio vimekuja nyumbani kwao, atakuwa ameviona, avitoe, ampe, yeye ataviandikia upya kwa mkono wake na vitamrudia. Alikuwa radhi. Mungu shahidi, alikuwa radhi.

Nazmi alisema, karibu sana, nyuma ya mlango tu. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayetangaza kituo.

"Bi Meixner."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwita hivyo.

"Umesema mwenyewe sijui kutambua kitu. Kama ni hivyo, kile kikaratasi hakina thamani. Kitupe tu."

"Nazmi, nisikilize..."

"Nilikusikiliza Jumamosi."

Mlango ulifungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Hiltrud alikaa kwenye ngazi. Watu walipanda na kushuka, mmoja akamuuliza kama anaumwa. Kama saa sita hivi aliona kitu kwenye zulia dogo mbele ya mlango wa Erbay. Hakuna aliyekuwa amefungua. Kilikuwa kihesabio kimoja, kipya, kinang'aa.

Alikiokota. Cha moto. Kichwa cha mwanamume kwa ubavu, masharubu yamekatwa vizuri, miwani imepandishwa juu ya nyusi. Uzi ulikuwa umetoka kwenye nywele na kuanza kushuka.

Hakufikiri. Alitoa kalamu kwenye mkoba na tiketi yake ya treni. Aliigeuza upande wa nyuma, akaiweka gotini, akaandika. Nuremberg. Shaba ya manjano. Kichwa cha mwanamume, namjua, ni mtu mwema. Akatia herufi zake, H.M., akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Akakilaza kihesabio juu yake, kama inavyotakiwa, akafumba macho na kungoja paji liwashe.

Alingoja mpaka kiganja chake kilipohisi shaba imepoa. Alijipapasa. Laini.

Aliandika tena. Nyuma ya risiti ya mikate, nyuma ya bahasha, kwenye ngozi ya mkono wake. H.M. H.M. H.M. Msafishaji wa jengo alipokuja kumwondoa, alimkuta anajikwaruza paji kwa kucha, polepole, kutoka kwenye nywele kushuka chini. Anasema ngozi yake ilikuwa haikwaruziki.